Nilinunua Haisi ya tajiri, nikaitoa daladala

Mzee mmoja mchonga vinyago, mteja wangu wa simu ya tochi, alisimama kwenye kibanda changu cha ufundi simu akalitazama boksi la gari dogo la plastiki la kuunganisha mwenyewe, nililokuwa nimelifungua juu ya meza. Bodi ya gari, matairi ya mpira madogo kama pete, vipande vya plastiki vimening'inia kwenye fremu zake kama samaki waliotungwa kijitini. Akaichukua bodi, akaigeuza, akaipitisha kidole gumba kwenye mistari ya mlango. "Hii imeshachongwa," akasema. "Wewe unabandika tu."

Neno lile lilinikaa. Sasa imepita miezi mitano, gari liko kwenye kabati la kioo kati ya makava ya simu na chaja, na nikitaka kusema kama hela yangu ilikwenda mahali pake narudi kwa mzee yule yule. Alikuwa sahihi nusu.

Seti yenyewe ni ya Aoshima, kampuni ya Kijapani ya mji wa Shizuoka. Ni Toyota Hiace TRH200V Super GL, skeli 1/24. Maana yake kila kipimo cha gari halisi kimegawanywa kwa 24. Haisi ya urefu wa milimita 4,695 inakuwa sentimita 19 na nusu, upana wake sentimita 7, inakaa kwenye kiganja na kuzidi kidogo. Anayetafuta cha kumpa mtoto acheze, asinunue. Hakuna rimoti, hakuna mota, na kikianguka kutoka mezani vitu vya kwanza kukatika ni vioo vya pembeni. Ni gari la kujenga na kulitazama, basi.

Kwa nini Haisi? Ukitafuta magari ya namna hii utakutana na Skyline na Supra mpaka uchoke. Ni magari mazuri, sikatai, lakini mimi Supra sijawahi hata kuigusa. Haisi naijua. Mjomba wangu aliendesha Haisi ya Mtwara–Lindi kwa miaka sita, na kila likizo ya shule nilikuwa mlangoni, kichwa nje, upepo wa Mikindani puani. Pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi, tulikuwa tunashusha nusu ya gari na kujaza tena kabla mjomba hajamaliza chupa ya maji. Na sisi huku ukoo unafuata mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kumfanyia kazi ya ovyo.

Jambo la kwanza lililonifurahisha: usukani uko kulia. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, na seti zao huwa hivyo hivyo. Seti nyingi za Ulaya na Marekani usukani uko kushoto, na ukitaka gari la Tanzania inabidi ukate dashibodi uigeuze. Hapo nimeokoa wiki nzima.

Niliipata kwa muuzaji mmoja wa Dar anayeuza kwa simu, shilingi 160,000, ndugu yangu akalipia, mzigo ukaja kwa basi. Ukafika umebonyea pembe moja kana kwamba mtu aliukalia njia nzima. Fremu moja ilikuwa imekatika na kioo cha pembeni cha kushoto hakimo. Muuzaji akasema malizaneni na basi. Watu wa basi wakasema mzigo haukuandikwa kuwa ni wa kuvunjika. Siwataji, maana nikitaja nitaonekana nina kesi, na kesi yenyewe ni ya kioo chenye ukubwa wa punje ya mahindi. Ila wewe ukiagiza, mwambie mtu wako alifunge boksi ndani ya boksi jingine, na aandike kwa kalamu nene pande zote sita.

Maelekezo ni ya Kijapani. Usiogope, michoro iko wazi, kila kipande kina herufi ya fremu na namba. Tabu iko kwenye rangi tu, kwa sababu wanazitaja kwa namba za rangi za Mr. Color, na rangi hizo hapa Mtwara hazipo. Nilipitisha kamera ya simu ya kutafsiri, ikanipa sentensi moja inayosema "kata kwa huzuni". Nikakata kwa huzuni.

Injini haimo kwenye seti. Wapo watakaoliona hilo ni pungufu. Mimi sijali, kwa sababu injini ya Haisi iko chini ya siti za mbele. Aliyewahi kubanwa pale katikati, kati ya dereva na abiria wa dirishani, anajua ilipo kwa joto la makalio yake. Hata ingekuwamo, nani angeiona?

Sasa gundi. Nilianza na supagluu, ile ile ya kuunganishia kandambili, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo mezani. Kwenye chesisi ilifanya kazi. Nilipoipaka pembeni ya kioo cha dirisha na kuondoka kwenda kula, nilirudi nikakuta kioo kimeingia ukungu mweupe, kama dirisha la choo. Mvuke wa supagluu ndio unafanya hivyo, unatua kwenye plastiki inayong'aa na kuganda. Nililisugua dirisha lile kwa msasa wa maji namba 2000, halafu dawa ya meno, siku mbili, likarudi karibu na lilivyokuwa. Karibu tu. Bado nalijua ni lipi.

Ndipo nikaagiza gundi ya Tamiya, ile nyepesi, chupa ya mililita 40 yenye kifuniko cha kijani na kibrashi ndani. Hii si gundi kwa maana tuliyoizoea. Ni maji matupu ukiitazama. Unakutanisha vipande viwili vikiwa vikavu, unavishika, unagusa mshono kwa ncha ya kibrashi, na unaiona inakimbia yenyewe kwenye ufa mpaka mwisho, kama chai inavyopanda kwenye andazi. Inayeyusha plastiki pande zote mbili, zinakuwa kitu kimoja. Ukikosea una sekunde chache tu za kurekebisha, baada ya hapo hakuna tena mshono wa kubandua. Harufu yake ni kali, ina asetoni ndani, fungua dirisha. Mke wangu alinihamishia barazani na sikubishana.

Rangi ndiyo iliyonila mwezi mzima, na hapa naomba mtu wa pwani anisikilize, maana video zote nilizotazama ni za watu wa nchi za baridi wenye hewa kavu. Rangi za kopo la kupuliza hazisafirishwi kwa ndege kirahisi kwa sababu zinashika moto, muuzaji wangu hakuwa nazo. Nikaenda kwa wauza rangi za magari, wakanichanganyia nyeupe kidogo. Kwanza niliijaribu kwenye fremu tupu, namshukuru Mungu, kwa sababu tina yao iliila plastiki, ikajikunja ikawa kama ngozi ya mjusi. Kumbe inabidi praima, yaani rangi ya msingi, itangulie, tabaka nyembamba mbili tatu, kila moja ikauke, ndipo rangi ipite juu bila kugusana na plastiki.

Nikapata praima. Nikaazima kompresa kwa fundi pancha wa jirani, nikafunga kipulizio kidogo. Ilikuwa Januari, saa mbili asubuhi, mvua imekatika usiku. Rangi ikatoka safi, inang'aa, nikatabasamu. Baada ya dakika kumi bodi yote imefifia, nyeupe ya chokaa, kama imepakwa unga wa muhogo. Nilifikiri rangi ni feki. Siyo. Tina ikikauka haraka inaipoza bodi, na hewa yenye unyevu inaacha maji juu yake, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho. Maji yale yananaswa ndani ya rangi. Na kompresa ya fundi pancha nayo, nilipofungua koki ya chini ya tangi, ilitema maji karibu kikombe. Kwa tairi la bodaboda hayana shida. Kwa Haisi ya sentimita 19 ni balaa.

Nikasugua yote kwa msasa namba 1000 na maji ya sabuni, nikaanza upya. Nilichojifunza ni kwamba huku kwetu asubuhi hewa imejaa maji, na kusi likishaanza kuvuma, alasiri upepo umejaa mchanga. Nafasi yako ni saa tano mpaka saa saba mchana. Mwaga maji ya kompresa, weka chupa ya rangi kwenye bakuli la maji ya vuguvugu ili iwe nyepesi, pulizia ndani ya boksi kubwa lililolazwa, tabaka nyembamba, na ukimaliza funika kwa ndoo. Ndoo kavu. Nimeandika hivyo kwa sababu ipo siku haikuwa kavu.

Baada ya rangi nikafika mahali ambapo neno la mzee lilikuwa linaniuma. Super GL ni Haisi ya mtu mwenye nafasi. Ndani ina siti za mbele na safu moja nyuma, baada ya hapo ni uwanja wa mizigo. Ukiijenga kama boksi linavyotaka, utapata gari la familia ya Yokohama inayokwenda kuvua samaki wikiendi. Mjomba wangu alikuwa anapakia mpaka mtu wa mwisho anakaa kwa nyama ya paja moja. Safu zilizobaki ilibidi nizitengeneze mwenyewe.

Hapo ufundi simu ukanifaa. Mezani kwangu nina ndoo ya zile kadi zinazobaki ukishachomoa laini mpya. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Zidisha kwa 24, unapata milimita 18 na kidogo, yaani unene wa ubao wa siti hasa. Sikuamini, nikapiga hesabu mara mbili. Nikazikata kwa wembe na rula ya chuma, migongo na makalio, nikaacha njia ya kupita upande wa mlango, na kwenye njia hiyo nikaweka vile visiti vya kukunja. Gundi ya Tamiya haiyeyushi kila kadi, nyingine inateleza tu juu, kwa hiyo hapo supagluu ilirudi kazini, mbali na madirisha. Kava za siti nilitoa kwenye jalada la plastiki la daftari, jekundu, kwa sababu za mjomba zilikuwa nyekundu na zimepasuka. Moja nimeipasua kwa sindano na kuchungulisha sponji ya manjano. Ukimulika na tochi kupitia dirisha la nyuma unaiona. Watu wanne tu wameiona mpaka leo.

Taa nilizifanya kwa usiku mmoja. Simu zilizokufa zina taa ndogo za kamera, nyeupe, zinataka kama volti 3, na betri ya kidonge ya CR2032 inatoa volti 3 hizo hizo, imejificha chini ya sakafu. Nyekundu za nyuma zinataka kama volti 2, kila moja nimeiwekea kirezista. Nyaya ni zile nyembamba kama unywele, za koili ya chaja. Seti haina chochote cha umeme, lakini taa zake za plastiki angavu ziko wazi nyuma, ukitoboa tundu la milimita moja nuru inaingia vizuri.

Keria nayo ni waya wa shaba nilioulehemu. Juu yake kuna magunia matatu ya korosho. Kitambaa ni bandeji niliyoilowesha kwenye chai ya rangi, ndani mchanga wa ufukwe wa Shangani hapa Mtwara, kila gunia sentimita 4, maana gunia la mita moja ukiligawa kwa 24 linafika hapo. Na ndoo mbili nilizokata kwenye mirija ya wino wa kalamu. Tenga la kuku lilinishinda, lilitoka kama kikapu cha mkate, nikalitupa.

Namba za gari zilizomo kwenye boksi ni za Kijapani. Nilitengeneza zangu, nikachapisha stationari kwenye karatasi ya picha. Za kwanza nilifanya za njano, na mteja mmoja, dereva, akaniambia papo hapo: "Hii inabeba abiria au ni ya mtu binafsi?" Kweli, njano ni ya binafsi, gari la biashara ni nyeupe. Nikarudi stationari na shilingi mia tano nyingine. Kwenye kioo cha mbele kuna stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, ndogo kuliko chembe ya mchele, na kioo cha nyuma kimeandikwa RIZIKI HAINA MWENYEWE, kama cha mjomba. Herufi nilikata kwa wembe kwenye stika nyeupe. Ile N ya mwisho imelala kidogo. Na ya mjomba ilikuwa imelala, ingawa siyo kwa makusudi.

Je, inafaa kununuliwa? Kama hujawahi kushika seti hata moja, usianze na hii. Anza na kitu cha bei nafuu, gari lolote, uiharibu rangi yake kwa amani. Kama tayari unajua gundi na msasa na unaishi nchi ambayo Haisi ndiyo miguu ya watu, sijaona seti nyingine inayotukaribia hivi. Bodi imekaa sawa. Ile paji la mbele, ule mteremko wa kioo, mkunjo wa reli ya mlango wa kuvuta ubavuni, ukiitazama kwa jicho moja karibu na meza unaisikia ikipiga honi. Kilichobaki, siti, keria, uchafu, maandishi, ni juu yako, na ndiko shilingi na siku zinakokwenda. Mimi juu ya ile 160,000 nimetumia kama 70,000 nyingine, gundi, rangi, misasa, sihesabu soda za fundi pancha.

Yule mzee mchonga vinyago nilimwonyesha ilipokwisha. Nilikuwa nimesoma kwamba Tamiya, waliotengeneza gundi yangu, walianza mwaka 1946 huko huko Shizuoka kama kiwanda cha kupasua mbao, wakauza vigari na meli za mbao kabla ya kuingia kwenye plastiki mwaka 1960. Nikamwambia. Alisikiliza, akachungulia siti iliyopasuka, yeye ni mmoja wa wale wanne, akauliza mbao zenyewe zilikuwa mti gani. Sikuwa na jibu. Akasema haiwezi kuwa mpingo, mpingo usingewaruhusu waache.

Mjomba sasa yuko Lindi, amestaafu usukani, ana duka. Nilimpelekea mwenyewe, nimelipakata gari kwenye boksi la viatu njia nzima, ndani ya Haisi, konda ananiuliza kama ni keki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, umeleta nini?"

Nikawasha taa kwanza, kisha nikamkabidhi. Akavaa miwani. Akasoma kioo cha nyuma, akagusa magunia, akahesabu siti kwa ncha ya kalamu, akafika kwenye pua ya gari, akasimama pale. Akapitisha kidole kona ya kushoto ya bampa, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Bampa zima," akasema. "Hii siyo ile."

Nikakumbuka. Kona ya Mikindani, mbuzi, ukuta wa mtu. Bampa la mbele lilibonyea kushoto na halikutengenezwa mpaka gari linauzwa.

"Sikutaka kuliharibu, mjomba."

"Nani kasema kuharibu? Lilibonyea na watu kumi na sita ndani, akashuka kila mtu na mguu wake. Kaliweke."

Kwa hiyo picha za mwisho bado sijapiga. Kona nimeshaipitisha juu ya mshumaa mara mbili, polepole, kwa sababu plastiki hii ikishalegea huwa haitoi onyo.